Mita Mia Mbili Kutoka kwa Tata

Clotilda aliutambua ule mwamba kabla Elikana hajazima pikipiki.

"Tumefika," alisema Elikana, akivua helmeti na kuitundika kwenye usukani. Macho yake yaling'aa kwa furaha. Alimgeuzia simu. "Mita mia mbili na kumi. Leo unatangulia wewe. Mimi nafuata tu, sisemi kitu."

Kwenye kioo cha simu mshale mwekundu ulielekea juu, kupita nyasi za rweya, ule uwanda mtupu unaotenganisha vijiji vya Kamachumu, hadi kwenye mwamba uliopasuka katikati. Clotilda hakuhitaji mshale. Alichunga mbuzi hapa akiwa darasa la tatu. Nyuma ya mwamba kulikuwa na safu ya mikaratusi, nyuma ya mikaratusi kulikuwa na migomba, na migomba ile ilikuwa ya Tata, baba yake.

"Mbona umenyamaza?"

"Baridi," alijibu. "Na huko nyuma nilikaa vibaya, miguu imekufa ganzi."

"Turudi?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema ndiyo. Lakini Elikana alikuwa ameingoja Jumamosi hii wiki nzima, na jinsi alivyomtazama, kichwa kimeinama kidogo, tayari kuacha kila kitu kwa ajili yake, ilimfunga mdomo.

"Hapana," alisema. "Twende haraka turudi haraka."

Mchezo wenyewe alikuwa ameufahamu wiki tatu tu. Unaitwa jiokeshi. Mtu huficha kopo au kijisanduku mahali, huandika namba za mahali hapo kwenye mtandao, na mtu mwingine popote duniani anaweza kuzifuata kwa simu hadi akipate. Ukikipata unaandika jina lako kwenye kidaftari kilichomo, unakirudisha kama kilivyokuwa, unaondoka. Basi. Clotilda, aliyeshinda kutwa akitazama damu za watu kwenye darubini ya maabara pale Bukoba, alicheka aliposikia kwamba watu wazima na akili zao wanafanya hivyo.

Mara ya kwanza walikwenda ufukweni, hapohapo mjini. Mshale uliwazungusha kama vifaranga, mara mita tisa, mara mita kumi na nne, mpaka Elikana akaonyesha tundu chini ya jiwe na kumwambia atie mkono. Akautia. Kitu kikatikisika ndani, kenge mkubwa akatoka mbio akipita juu ya kiatu chake, na Clotilda akapiga ukelele uliowageuza shingo wauza samaki wote. Elikana alimshika mabega akicheka, kisha akaacha kucheka, akabaki amemshika tu. Kopo walilipata tundu la pili. Katika kidaftari kile majina yao yalikaa pamoja kwa mara ya kwanza, *Clotilda na Elikana*, na usiku ule alijiona mjinga kwa jinsi alivyokuwa akiyakumbuka.

Maana hapakuwa na mahali pengine ambapo majina hayo yangeweza kukaa pamoja. Miezi minane walikuwa wakipendana, na nyumbani kwao Clotilda hakuna aliyejua. Elikana Maige alikuwa mpimaji ardhi.

Miaka sita nyuma, jirani yao alileta mpimaji. Yule mtu alikuja na vyombo vyake na kamba, akapigilia bikoni, nguzo fupi za saruji za kuonyesha mpaka, na alipomaliza, mstari ulikuwa umepita ndani ya kibanja, shamba la nyumbani la baba yake Clotilda, Mzee Apolinary. Ilikwenda mibuni, ikaenda migomba, na kaburi la babu yake Clotilda likabaki upande wa pili. Tangu hapo, kila mwezi wa Novemba, katika siku ya kuwaombea marehemu, Mzee Apolinary humwomba jirani ruhusa ya kwenda kufagia kaburi la baba yake mwenyewe.

"Mwanangu," alimwambia Clotilda siku alipoajiriwa, "niletee mkwe yeyote. Awe Mhaya, awe Msukuma, awe mvuvi wa visiwani. Lakini mtu wa bikoni asikanyage kibanja changu nikiwa hai."

Elikana alipouliza kwao ni wapi, Clotilda alijibu Muleba. Alipouliza Muleba ipi, alijibu mbali kidogo. Asubuhi hii alipomwonyesha nukta kwenye ramani, Clotilda hakuitazama vizuri. Alidhani ni karibu na ziwa. Pikipiki ilipokata kona Muhutwe na kuanza kupanda, alijua, na akanyamaza, kilomita baada ya kilomita, akiwa amemkumbatia kiuno na uso ameuficha mgongoni kwake.

Sasa walikuwa wakipanda kwa miguu. Ukungu ulikuwa umetanda juu ya rweya, na kila jogoo aliyewika kule kwenye migomba alimfanya ageuke.

"Mita arobaini," alisema Elikana.

"Punguza sauti."

"Tunamwogopa nani?"

"Hatumwogopi mtu. Punguza tu."

Walifika. Simu ilianza kuyumba kama kawaida yake, mara huku, mara kule. Elikana alisoma maelezo: kijisanduku kilifichwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Denmark, na kwa miaka mitano hakuna aliyekuja kukitafuta. Kidokezo kilikuwa kifupi. *Nyoka angepapenda, lakini hayupo.*

"Kama yupo?" aliuliza Clotilda.

"Basi nitatia mkono mimi."

"Hapana. Umesema leo ni zamu yangu."

Hakujua kwa nini alisema hivyo. Labda hofu ya nyoka ilikuwa ndogo kuliko ile nyingine. Alipiga magoti penye ufa, akachokonoa kwanza kwa kijiti, kisha akaingiza mkono, kiganja, kiwiko, hadi bega. Vidole vikagusa majani makavu, jiwe, kitu laini kilichomfanya afumbe macho, kisha chuma baridi.

"Kipo," alinong'ona. "Elikana, kipo!"

Kilikuwa kijisanduku cha bati, rangi imebanduka, kimefungwa kwa mpira. Elikana alichuchumaa mbele yake, nyuso zao zikawa karibu. Alimfuta utando wa buibui shavuni kwa kidole gumba, taratibu zaidi kuliko utando ulivyohitaji.

"Siku moja," alisema, "utanipeleka kwenu, Clotilda?"

 Filimbi ililia kutoka kwenye mikaratusi. Ikajibiwa na nyingine. Kisha sauti ya mtu ikapasua ukungu kwa Kihaya, ikiuliza ni nani aliye pale mwambani.

"Wanasema nini?" aliuliza Elikana. Alikulia visiwani, Goziba, ambako watu wa kila kabila huelewana kwa Kiswahili. Kihaya chake kiliishia kwenye salamu.

Clotilda hakuweza kutafsiri. Sauti ya pili ilikuwa imeshajibu: *ni mpimaji, ana kile kichombo mkononi, nimeiona pikipiki yake barabarani.*

"Ingia humo," alisema Elikana ghafla, akimsukuma kwenye ufa. "Wasikuone na mwanaume porini, watakuchafulia jina. Mimi nitaongea nao. Ni watu tu."

Ufa ulikuwa mwembamba mbele, mpana nyuma. Clotilda alijibanza kwenye giza lake, mgongo kwenye jiwe lenye unyevu. Akawaona wakitokea mmoja mmoja kwenye ukungu. Wanaume wanne. Wa kwanza alikuwa Datius, kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwao, ameshika fimbo. Wawili aliwajua kwa sura. Wa mwisho alikuwa amevaa koti la kijivu ambalo Clotilda mwenyewe alimnunulia Krismasi iliyopita, na mkononi alikuwa na muhoro, lile panga lililopinda la kukatia majani ya migomba.

Tata.

"Shikamoo, mzee," alisema Elikana.

Mzee Apolinary hakuitikia. Clotilda hakuwahi kumsikia baba yake akiiacha shikamoo ya mtu bila kuiitikia, na hilo lilimtisha kuliko ule muhoro.

"Unapima nini?"

"Sipimi kitu, mzee. Nimekuja kutafuta hiki." Elikana aliinua kijisanduku. "Ni mchezo."

"Weka chini!" alipiga kelele Datius. "Wazee, rudini nyuma, inaweza kuwa bomu!"

Wale wawili walirudi nyuma. Mzee Apolinary hakusogea. Elikana alitoa mpira polepole, akafungua kifuniko, akakiinamisha ili waone. Kulikuwa na kidaftari ndani ya mfuko wa plastiki, kipensili, tembo mdogo wa plastiki na shanga tatu.

"Mtu mzima," alisema Mzee Apolinary, "ametoka huko alikotoka, akapanda mlima huu, kutafuta kipensili."

"Ndiyo, mzee."

Mmoja wa wale wawili aliguna kicheko. Kilimfia mdomoni alipoona hakuna mwenzake aliyecheka.

"Na hiyo simu inayokuongoza?"

"Inaonyesha mahali tu."

"Yule mpimaji wa jirani naye alisema inaonyesha mahali tu." Sauti ya baba yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole. "Uko na nani?"

"Peke yangu."

"Pikipiki ina helmeti mbili," alisema Datius.

"Ya pili ni ya abiria. Nimemshusha Muhutwe."

Datius akageukia wenzake akasema kwa Kihaya: *huyu ni mwongo, tumfunge mikono kwanza, maswali atajibu akiwa chini. Simu ivunjwe.* Tayari alikuwa akichomoa kamba kiunoni. Elikana, ambaye hakuelewa neno hata moja, alimtazama akatabasamu, tabasamu lake la heshima analowapa watu asiowafahamu.

Lile tabasamu Clotilda hakuweza kulitazama. Aligeuka. Nyuma ya ufa kulikuwa na upenyo wa kutokea upande wa bondeni. Aliujua tangu utotoni. Angeshuka nao hadi barabarani bila kuonekana, angepata gari, kabla ya jioni angekuwa chumbani kwake Bukoba. Watampiga kidogo, alijiambia. Watampeleka kwa mtendaji, mtendaji atampigia simu mwajiri wake, atatoka. Tata hatajua. Alipiga hatua moja kuelekea kwenye upenyo. Akapiga ya pili. 

Nyuma yake alisikia Elikana akisema, bado kwa upole, "Kaka, kamba ya nini?"

Clotilda alirudi. Alitoka kwenye ufa upande wa mbele, akikwaruza bega, akajikuta kwenye mwanga mbele ya watu wote, na akafanya kitu pekee ambacho mwili wake ulijua kufanya mbele ya mtu yule. Alipiga magoti.

"Tata," alisema. "Ni mimi."

 Kamba ilibaki ikining'inia mkononi mwa Datius.

"Clotilda," alisema baba yake.

"Tata."

"Mama yako anajua uko huku?"

"Hajui."

"Tata?" Elikana alirudia lile neno kwa kunong'ona. Alimtazama Clotilda, akamtazama mzee, akaitazama ile mikaratusi na migomba nyuma yake. Clotilda aliona jinsi alivyoelewa yote mara moja, Muleba, mbali kidogo, punguza sauti. Uso wake ulijifunga.

"Huyu ni nani?" aliuliza Mzee Apolinary.

"Anaitwa Elikana Maige. Tata, hakutumwa na mtu. Tumekuja wote. Ni mtu wangu."

"Mtu wako." Muhoro ulihama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. "Anafanya kazi gani?"

Clotilda alifungua mdomo. Mwalimu, alitaka kusema. Muuguzi. Fundi wa redio. Alimwangalia Elikana na kwa macho yake yote akamsihi: sema chochote, danganya, tutarekebisha baadaye.

"Namuuliza kijana mwenyewe," alisema baba yake.

Elikana alimgeukia mzee. 

"Mimi ni mpimaji ardhi, mzee," alisema. "Naishi Bukoba. Mama yangu anauza dagaa Goziba. Baba yangu alifariki."

Datius alipiga hatua mbele.

"Datius, simama hapo!" Mzee Apolinary hakugeuka hata kumtazama. Alikuwa akimkazia macho Elikana, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya.   "Kijana. Weka hicho kitu ulipokitoa. Shuka, panda pikipiki yako, uondoke. Usigeuke nyuma."

Elikana alikifunga kijisanduku, akakirudisha kwenye ufa. Alipita karibu na Clotilda bila kumgusa. Hakugeuka nyuma.

Mzee aliwaruhusu wale wengine waende. Datius aliondoka akinung'unika, na ukungu ukawameza. Wakabaki wawili, binti bado yuko magotini, baba akitazama bondeni.

"Simama, utaumia magoti."

Alisimama.

"Muda gani?"

"Miezi minane, Tata."

"Na ulijua nilichosema."

"Nilijua. Nilipompenda nilikuwa sijajua kazi yake. Nilipoijua nilikuwa nimeshachelewa."

Mzee Apolinary alifuta muhoro kwenye nyasi, upande mmoja, kisha wa pili, ingawa haukuwa na uchafu.

"Amenidanganya kwa ajili yako," alisema hatimaye. "Alisema yuko peke yake, na alisema vizuri, karibu nimwamini. Lakini kwa ajili yake mwenyewe hakunidanganya. Kamba ameiona. Huu muhoro ameuona. Kwa nini hakusema ni mwalimu?"

"Sijui, Tata. Mimi nilimwomba kwa macho adanganye."

"Nilikuona."

Clotilda aliinamisha uso. Machozi, ambayo yalikuwa yamegoma muda wote ule, yalianza kumwagika.

"Aje na wazee wake," alisema baba yake. "Nitamkataa mbele yao. Na nitamwambia kwa nini, kuanzia bikoni ya kwanza hadi ya mwisho, na atakaa kwenye kiti ayasikie. Lakini aje." Kisha akaongeza kwa ukali, kana kwamba amekasirishwa na maneno yake mwenyewe, "Nenda ukamwambie. Hajafika mbali. Pikipiki haijanguruma."

Clotilda alikimbia. Aliteleza mara mbili kwenye nyasi zilizolowa, akapoteza kiatu, akakirudia. Njia nzima alikuwa akingoja kuusikia ule mngurumo, na kila hatua alikuwa na uhakika kwamba sasa hivi atausikia, na kwamba utakuwa mwisho.

Elikana alikuwa ameketi kando ya barabara, mgongo kwenye tairi. Ufunguo ulikuwa mkononi. Alijaribu kuutia mahali pake, ukagonga chuma, akaacha. Mikono yake ilitetemeka kama ya mgonjwa wa malaria.

"Nimeshindwa kuwasha," alisema bila kumtazama. "Nilidhani wataniua, Clotilda. Yule mwenye fimbo alisema nini?"

"Kwamba wakufunge kwanza."

"Na ulikuwa ukisikia."

"Nilikuwa nikisikia." Alichuchumaa mbele yake. Ilibidi aseme, ingawa aliogopa kusema kuliko alivyoogopa kutoka mwambani. "Kuna upenyo kwa nyuma. Nilipiga hatua mbili kuelekea huko. Nilikuwa nakuacha."

 Matone ya kwanza ya mvua yalianguka kwenye tangi la pikipiki.

"Miezi minane," alisema, "nilidhani unaona haya kwa sababu mama yangu ananuka dagaa."

"Hapana! Elikana, hapana. Mstari wa mpimaji uliliacha kaburi la babu upande wa jirani. Tata aliapa. Niliogopa nikikwambia utaniacha, na nikimwambia yeye atanifukuza, kwa hiyo sikumwambia yeyote kitu chochote. Ni woga tu. Sina jina lingine la kuupa."

"Ulirudi kwa nini?"

"Ulikuwa unamtabasamia Datius."

Elikana alicheka, au alilia, haikujulikana ni lipi. Clotilda alimshika mikono yote miwili, ule ufunguo katikati, akaibana mpaka utetemeko wake na wa Elikana ukawa kitu kimoja, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema ni nani aliyekuwa akimtuliza mwenzake.

"Tata anasema uje na wazee wako," alisema.

Elikana aliinua uso. "Amekubali?"

"Hapana. Anasema atakukataa mbele yao."

Elikana aliinuka. Bado alikuwa na hofu, ilionekana kwenye midomo iliyompauka, na Clotilda alijua kwamba hofu yake mwenyewe haijaondoka popote, imekaa tu pembeni ikingoja siku hiyo. Mvua ilianza kunyesha kwa kweli. Elikana alichukua helmeti ya pili, akamvisha, akamfungia mkanda chini ya kidevu.

"Nitampigia mama leo," alisema. "Na mjomba Sayi. Jumapili ijayo tunakuja kukataliwa."